Kabla Hujaomba Pesa za EQIP za Kujenga Kitalu cha Nailoni

Theluji ikianza kuyeyuka hapa Minnesota, naulizwa swali lile lile: eti serikali inatoa pesa za kujenga kitalu cha nailoni, ile nyumba ya vyuma iliyofunikwa nailoni ya kulimia mboga, nazipataje? Kweli zipo. Mpango unaitwa EQIP, ulianzishwa mwaka 1996, na unaendeshwa na NRCS, idara ya uhifadhi iliyo chini ya wizara ya kilimo ya Marekani. Mboga zangu za managu na chinsaga ninazouza zinatoka kwenye kitalu cha aina hiyo. Lakini anayekuambia ni msaada wa bure anakupotosha. Ni mkataba: unatunza udongo na maji jinsi walivyoagiza, nao wanakulipa kazi ikishaonekana.

Hapo kwenye kulipwa baadaye ndipo watu huumia. Unanunua vyuma na nailoni, unajenga, afisa anakuja kupima, ndipo pesa ziingie benki. Hesabu hupigwa kwa futi ya mraba, kwa bei iliyopangwa ya jimbo lenu mwaka huo, si kwa risiti zako. Ukitaka kitalu cha kifahari, kinachozidi ni juu yako. Kama hujazidi miaka 10 katika kilimo, omba kama mkulima anayeanza: kiwango chako kinapanda, na unaweza kupewa angalau nusu mapema. Nusu hiyo itumike ndani ya siku 90, kwa hiyo usiichukue kabla muuzaji hajakuhakikishia lini mzigo utafika.

Na tafadhali, usichimbe hata shimo la nguzo kabla mkataba haujatiwa sahihi na pande zote mbili. Kilichoanzwa mapema bila ruhusa ya maandishi hakilipwi.

Wengi wetu tunalima mashamba ya kukodi, na hilo ni jambo la kumaliza kwanza. Ili upate namba ya shamba pale FSA, ofisi ya huduma za wakulima ya wizara hiyo hiyo (mara nyingi wako jengo moja na NRCS), unatakiwa uonyeshe hati au mkataba wa kukodi. Mzee aliyenikodishia mwanzoni alikuwa mtu mwema, tulimalizana kwa kupeana mkono. Nilipomwomba atie sahihi ya miaka 5, muda ambao kitalu kinatakiwa kudumu, akakuna kichwa. Kumbe alikuwa anafikiria kuuza. Nikamshukuru, nikaenda kutafuta shamba kwingine.

Maombi hupangwa kwa alama, na fedha hazitoshi wote. Afisa alipokuja kwangu hakuuliza sana kuhusu mboga. Alishuka mteremko, akachota udongo akausugua kwa vidole, akauliza maji ya mvua yakimwagika kutoka kwenye nailoni yataelekea wapi. Basi mweleze shida za ardhi yako. Ndoto za biashara mwachie mwenzio nyumbani. Jua pia kwamba mboga lazima ziwe kwenye udongo wa ardhi yenyewe, si kwenye ndoo, na kitalu hicho si banda la kuku wala stoo ya trakta.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Oktoba 1, kwa hiyo nenda ofisini kiangazi, usisubiri baridi.

Kuhusu siasa, sitaki maneno mengi. Mapema mwaka 2025 baadhi ya pesa za uhifadhi zilisimamishwa, na wakulima waliokuwa na mikataba mkononi wakabaki wakisubiri malipo ya kazi waliyokwisha fanya. Kama njia yako ya kujenga ni kadi ya mkopo au kodi ya nyumba, ngoja kwanza.

Pesa za EQIP zikiingia, usizile zote. Mwanzo wa mwaka unaofuata utaletewa fomu 1099-G, na mtu wa kodi atazihesabu kama mapato. Kisha ulizia bima ya kitalu chenyewe. Theluji nzito ikikibomoa kabla ya miaka hiyo 5 kwisha, usitegemee EQIP ikulipe tena kukisimamisha.