Kabla ya Kupanda: Maneno kwa Wanaoanza Kazi Mlangoni mwa Mto Sabaki

Kila msimu wa kazi huja kwetu Malindi vijana wapya. Wengine ni wanafunzi wa vyuo wanaotafuta mada ya utafiti, wengine wametumwa na vikundi vya vijiji vyao kusimamia vitalu vya mikoko, na karibu wote hushuka garini wakiwa na swali moja: tutapanda lini? Ninawaandikia yale ambayo ningefurahi kuambiwa siku yangu ya kwanza kukanyaga tope la Sabaki, kwa kuwa jibu la swali hilo nililipata baada ya misimu miwili ya vuli na maelfu ya miche iliyofia mikononi mwangu.

Jueni kwanza mto unatoka wapi. Maji yanayopita chini ya daraja la Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi, huanza safari yake katika nyanda za juu za karibu na Nairobi yakiitwa Athi. Ndani ya mbuga ya Tsavo hukutana na mto Tsavo na kuanzia hapo huitwa Galana, kisha yanapokaribia pwani watu huyaita Sabaki. Ni mto mmoja wenye majina matatu na urefu wa takribani kilomita 390, na tope lililoganda kwenye mabuti yenu jioni huenda lilikuwa shamba la mtu Machakos au Makueni. Mtu akidhani kazi yake inaanzia pale alipoegesha gari, mto huu hataufahamu hata akikaa miaka kumi.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua juu ya jambo hili umo baharini. Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, yapo matumbawe makubwa ya mviringo ambayo hukua polepole na kuacha tabaka kila mwaka, mfano wa pete zilizo ndani ya shina la mti. Watafiti walitoboa tumbawe moja lenye umri wa takribani miaka 300, wakapima kiasi cha bariamu, aina ya metali, tabaka kwa tabaka, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Bariamu hushikamana na chembe za mfinyanzi zikiwa katika maji ya mto. Chembe hizo zikifika penye chumvi, madini ya maji ya bahari huibandua, ikayeyuka, na tumbawe likaichukua pamoja na chokaa linapojenga mwili wake. Kwa hiyo tabaka lenye bariamu nyingi ni mwaka ambao udongo mwingi ulishuka. Tabaka za karne ya 18 na ya 19 zilionyesha kiwango cha chini kisichobadilika sana. Kuanzia karne ya 20, ardhi ya bara ilipofyekwa na kulimwa kwa wingi wakati wa ukoloni, kiwango kilipanda, nacho hakijarudi kilipokuwa. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema kwamba Sabaki ni mto mwekundu kwa asili yake, kumbe wekundu ninaouona ni mzigo ambao mababu zetu wa pwani hawakuujua.

Hata hivyo, udongo huohuo ndio uliojenga ardhioevu tunayoilinda, na mgeni asiposhika pande zote mbili za jambo hili atapotea. Chembe za mfinyanzi zinaposhuka na maji ya mto huelea kila moja peke yake. Zikikutana na chumvi hushikana, zikawa mabonge, zikazama. Ndiyo sababu tope hutanda pale ambapo mto na bahari vinapokutana, na juu ya tope hilo ndipo mchu, mmoja wa miti ya mikoko, unapoota, kamba wachanga wanapojificha, na ndege wa safari za mbali wanaposhuka kula. Swali la kisayansi ni kiasi cha tope linaloshuka, wakati linaposhuka na upande linaoelekea. Kaskazi ikivuma, maji ya mto husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi na kuelekea hifadhini. Kusi ikivuma, hupelekwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Kwa hiyo mafuriko ya vuli, ambayo hukutana na mwanzo wa kaskazi, huuchafua ufuo wa mji kuliko yale ya masika, hata kama mto umejaa kwa kiasi kilekile. Mwanafunzi anayechukua sampuli mwezi wa Mei peke yake na kuandika kwamba ghuba ya Malindi ni salama amesema kweli ya Mei tu.

Sasa nieleze kosa letu. Katika misimu ile miwili ya kwanza shirika lililotufadhili lilipima mafanikio kwa idadi ya miche iliyopandwa, nasi tulikubali kipimo hicho bila kukihoji. Tulichagua uwanda mpana wa tope ulio wazi upande wa bahari, kwa sababu ulikuwa mtupu na hakuna aliyeudai, tukachomeka mbegu ndefu za mkoko kwa mistari iliyonyooka. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunja jarife lake alisimama akatutazama, kisha akaniuliza: “Mwanangu, mbona mnapanda mahali ambapo mti wenyewe haukutaka kuota?” Nilimjibu kwa adabu, lakini swali lake sikulichukua. Vuli ikaja, mto ukajaa, na tuliporudi mwezi wa Desemba hatukuona hata mstari mmoja. Nilipiga magoti nikachimba kwa mkono pale nilipokumbuka tulianzia. Chini ya tope laini, karibu kufika kiwiko, nilikuta mche umesimama wima vilevile nilivyouacha, rangi yake ya kijani bado haijafifia, majani yake mawili ya kwanza yamegandamana. Mwaka uliofuata tulipanda tena palepale, na nao ukazikwa.

Hatukuwa peke yetu. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko mingi ilipandwa pwani. Watafiti waliporudi kukagua maeneo 23, katika maeneo 9 hawakukuta hata mche mmoja uliobaki hai. Sababu kubwa ilikuwa kupanda mahali pasipofaa na aina isiyofaa. Mikoko huvumilia maji ya chumvi, lakini mizizi yake inahitaji kupumua, na imeonekana katika sehemu nyingi za dunia kwamba hustawi pale ambapo maji hufunika ardhi kwa takribani theluthi moja ya muda au pungufu. Uwanda mtupu wa chini, unaopendeza kwenye picha, mara nyingi ni mtupu kwa sababu maji hukaa mno au tope halitulii.

Swali la yule mzee ndilo ninalotaka mlichukue kama chombo chenu cha kwanza cha kazi. Mbegu za mchu huelea. Bahari huzisambaza bure kila msimu. Ikiwa mahali fulani hapana mti ilhali mbegu hufika, basi kuna kizuizi, na kazi yenu ni kukitafuta kabla ya kushika jembe. Huenda maji hukaa muda mrefu mno, au hayafiki kabisa, au tope huhama, au chumvi imezidi, au mifugo hupita hapo kila asubuhi.

Ili kulijibu swali hilo, jifunzeni kuhesabu maji kwa mwezi kama wavuvi wanavyohesabu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3. Katikati yake huja maji mafu, na sehemu za juu za msitu hukaa siku kadhaa bila kuguswa na bahari. Siku hizo kavu zina thamani kubwa, kwa kuwa mbegu ya mchu iliyoachwa na bamvua inahitaji utulivu wa siku chache ili iteremshe mizizi ya kuishikilia kabla ya wimbi linalofuata kuinyanyua. Kuweni na jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, lakini pia andikeni wenyewe saa ambayo maji yaligusa kila kigingi chenu, maana jedwali halijui mchanga uliohamia mlangoni wiki iliyopita.

Vifaa vyetu si vingi. Tunapigilia nondo kwenye tope hadi zishike sehemu ngumu, tunaacha kipande juu, na kila mwezi tunapima kutoka ncha ya nondo hadi usoni pa tope. Urefu ukipungua, tope limeongezeka. Kiasi cha udongo ndani ya maji hupimwa kwa kuchuja lita moja kupitia karatasi maalumu, kuikausha katika joto la nyuzi 105 na kuipima kwa mizani kabla na baada. Chumvi hupimwa kwa tone moja tu juu ya kioo cha kipimachumvi, mkikumbuka kwamba bahari kuu ina takribani gramu 35 kwa lita, na kwamba ndani ya saa sita sehemu ileile ya mlango wa mto inaweza kuwa na maji ya kunywesha ng'ombe na kisha maji ya bahari. Kipimo kisichoandikiwa saa na hali ya maji hakina kazi. Andikeni kwa penseli, wino huyeyuka.

Tope nalo lisomeni kwa macho na pua. Kateni kipande kwa jembe: safu ya juu ya rangi ya kahawia ina hewa, na chini yake huwa jeusi lenye harufu ya mayai viza kwa sababu hewa imekwisha. Mkiona vimistari vya rangi ya kutu kuzunguka mizizi ndani ya ule weusi, mti huo uko hai na unapeleka hewa chini. Mchu hufanya hivyo kwa mizizi inayochomoza wima kama vidole, na mafuriko yakiifunika kabisa, mti mzima unaweza kufa ukiwa umesimama. Kisha geuzeni jani lake na kuliramba. Chumvi mtakayoionja ni ile ambayo mti umeivuta kutoka ardhini na kuitoa nje kupitia majani.

Jifunzeni pia majina. Sisi huita miti yote hii mikoko, lakini kwa mkata boriti wa Lamu mkoko ni mti mmoja, na mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na mchu ni miti mingine yenye mahali pake na kazi yake. Kenya ina aina 9. Aliyetupatia mbegu za mkoko kupanda mahali pa mchu hakuwa na nia mbaya, ila hakuzijua tofauti hizi, wala sisi hatukumuuliza.

Kuhusu ulinzi, kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinataka ukingo wa mto uhifadhiwe kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka kiwango cha juu cha mafuriko. Zijueni kanuni hizo, lakini msianze nazo mnapomkuta mama ameinamia mchicha wake ukingoni. Mpigieni hodi, mwamkieni, muulizeni mwaka gani maji yalifika mlangoni kwake. Matete na mafunjo anayoyafyeka ndiyo yanayopunguza kasi ya maji na kushika udongo wake, na mkulima aliyepoteza hatua kumi za shamba katika mafuriko moja huelewa jambo hilo upesi kuliko anayesomewa sheria. Nendeni pia kwa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na kwa chama cha watumiaji wa maji, na mtoe taarifa ya matokeo kwao kabla ya kuyapeleka chuoni.

Neno fupi la usalama: viboko wana njia zao kati ya malisho na maji. Msisimame juu ya njia hiyo alfajiri, na msiingie majini mahali ambapo wenyeji hawaingii.

Mahali tulipofanikiwa hatukupanda chochote. Kulikuwa na kijito kilichozibwa na tuta la mchanga, ambalo watu walilijenga ili gari lipite kwenda ufuoni. Nyuma yake mchu ulikuwa umekauka na ardhi imefanya ukoko mweupe wa chumvi. Tulikaa vikao vinne na wenye kutumia njia hiyo hadi tukakubaliana pa kuihamishia, kisha tukalikata tuta kwa majembe siku za maji mafu. Bamvua ya kwanza ilipoingia ililowesha ule ukoko wote, na mwaka wa pili tulihesabu miche ya mchu iliyojiotea kwa kutumia fremu ya mraba ya mita moja. Nondo zetu za hapo ziko 12, kuanzia ulipokuwa mdomo wa tuta hadi kwenye ukuta wa matete. Ya tano iliinamishwa na kiboko mwezi uliopita, kwa hiyo msiihesabu mpaka tutakapoipigilia upya. Nyingine zote zipimeni maji yakipwa, siku tatu baada ya mwezi mwandamo.