Maswali ya Wasomaji: Dola Milioni 94 kwa Mtu Asiyeugusa Mpira

SWALI: Ndugu Mhariri, Julai 2025 Kansas City Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani, walimpa gadi wao, Trey Smith, mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 94, na milioni 70 kati ya hizo ni za uhakika. Mtu mwenyewe hafungi, hadaki, mpira haugusi. Si wangemsajili mpokea pasi wa maana? – Msomaji, Kansas City, Missouri

JIBU: Dau ni kubwa kweli, lakini Chiefs hawakukosea kumbakiza. Walikosea kuchelewa.

Mbele ya kwotabeki, yule anayerusha pasi, husimama watu watano wa kumkinga: senta katikati, gadi kulia na kushoto kwake, na walinzi wawili wa pembeni. Mvamizi, yaani mpinzani anayemkimbilia kumwangusha, akipita pembeni, kwotabeki bado ana pa kuponea: anasogea hatua moja mbele, mvamizi anapitiliza nyuma yake. Akipenya katikati, hatua hiyo haipo tena. Kwotabeki anarusha huku anarudi nyuma, na pasi inaelea.

Chiefs walilijua hilo kwa machungu. Februari 2021, walinzi wao wote wawili wa pembeni wakiwa majeruhi, walichapwa 31–9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, kwotabeki wao Patrick Mahomes akikimbizwa mchezo mzima. Miezi michache baadaye wakaijenga safu upya. Gadi Joe Thuney walimsajili, na kwenye drafti, ambako timu huchagua chipukizi kwa zamu, wakamchukua senta Creed Humphrey raundi ya 2, kisha Smith raundi ya 6, namba 226. Smith hakuporomoka hadi huko kwa kukosa uwezo. Timu ziliogopa historia yake ya damu kuganda mapafuni.

Februari 2023 safu hiyo ilikutana na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38–35. Timu hizo zikakutana tena fainali ya Februari 2025. Safari hii Thuney alikuwa amehamishiwa pembeni kuziba pengo, kwa hiyo nafasi mbili zilikuwa zimeguswa kwa mpigo. Eagles walituma wavamizi wanne tu, bila kuongeza wa tano, wakamwangusha Mahomes mara 6 na kushinda 40–22.

Sasa hesabu. Mwaka 2025 kila timu ya NFL, ligi wanayocheza Chiefs, ilikuwa na kikomo cha mishahara cha dola milioni 279.2. Februari, Chiefs walimzuia Smith asiondoke kwa tagi ya franchaizi, yaani haki ya kumbakiza mchezaji mwaka mmoja kwa bei inayopangwa na ligi. Bei hiyo ilikuwa milioni 23.4. Ubaya wake, ligi huihesabu safu nzima kama kundi moja, na bei ya gadi huvutwa juu na walinzi wa pembeni, ambao ndio ghali. Landon Dickerson wa Eagles, gadi aliyekuwa akiongoza kwa malipo, alikuwa na wastani wa milioni 21 kwa mwaka. Tena tagi ya pili hupanda asilimia 20, yaani hadi milioni 28.1. Wakala akiketi mezani, tayari ana milioni 51.5 za miaka miwili mkononi kabla hajafungua mdomo. Gawanya 94 kwa 4 upate 23.5: tagi ndiyo iliyogeuka kuwa bei ya kuanzia.

Wangemalizana na Smith mwaka 2024, walipompa Humphrey milioni 72 za miaka 4, wakala asingekuwa na fimbo hiyo. Gharama yenyewe haikuangukia mpokea pasi. Machi 2025 Thuney alipelekwa Chicago Bears kwa chaguo la raundi ya 4 la mwaka 2026. Gadi mmoja alibaki, mwingine akaondoka.

Kama mchezaji amevuka miaka 30, au mrithi wake yupo na ameshacheza, tungesema aachwe. Smith alikuwa na miaka 26, na hakuwa na mrithi wa kuaminika.

SWALI: Gadi hana mabao wala yadi. Nikiwa mbele ya televisheni nitajuaje kama ni mzuri?

JIBU: Sekunde mbili za mwanzo usiufuate mpira, mwangalie yeye. Viganja vitue kifuani mwa mvamizi, ndani ya upana wa mabega. Vikitanuka nje ataishia kukamata jezi, na kosa la kushika huirudisha timu yake nyuma yadi 10. Hatua ziwe fupi, miguu isipishane. Akunje magoti, sio kiuno. Anayeinama kiunoni hutanguliza kichwa, na mvamizi akimvuta kidogo tu anaanguka kifudifudi.

Kipimo chenyewe ni pale wavamizi wawili wanapobadilishana njia. Wa ndani anajitupa kumgonga mlinzi wa pembeni, wa nje anazunguka kuingia katikati. Gadi dhaifu humfuata wa kwanza na kuacha mlango wazi. Gadi mzuri humsukumia jirani yake kwa mkono mmoja, anabaki mahali pake, macho yakimsubiri anayekuja. Hapo hakuna muda wa kuongea. Mapatano hayo hujengwa kwa misimu ya kusimama bega kwa bega, na ndiyo sababu mgeni mwenye kipaji kilekile huwa hana thamani ileile mwaka wa kwanza.

SWALI: Akiumia baada ya kusaini?

JIBU: Hutokea. Rashawn Slater, mlinzi wa pembeni wa Los Angeles Chargers, alisaini miaka 4 kwa milioni 114 mwishoni mwa Julai 2025. Wiki mbili hazikuisha, akachanika kano ya goti mazoezini na msimu ukaishia hapo.

Kinachobana timu ni bonasi ya kusaini. Hulipwa mapema, lakini kwenye kikomo husambazwa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5. Chukua bonasi ya milioni 30 kwa miaka 4: ni milioni 7.5 kila mwaka. Ukimwacha mchezaji baada ya miaka 2, milioni 15 zilizobaki zinaangukia mwaka huo kwa mkupuo. Ukimwacha baada ya Juni 1, zinagawanyika: 7.5 mwaka huo, 7.5 unaofuata. Kwa hiyo ukisoma habari ya mkataba, iruke jumla kubwa ya kichwa cha habari. Tafuta bonasi ni kiasi gani, na mishahara ya miaka mingapi ni ya uhakika hata akiumia.