MUULIZE FUNDI: Biti gani itafika kule mkono hauingii?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Mikindani natengeneza bodaboda. Kinachonisumbua ni zile skrubu za chini ya kabureta, zinazoshika kibakuli cha mafuta. Nafasi hakuna kabisa, bisibisi ya kawaida inakaa upande, nikanunua seti ya biti (zile ncha za bisibisi za kuchomeka) kwa machinga lakini ncha zinalika upesi na vichwa vya skrubu navyo vinaharibika. Ninunue biti gani, na kule nitazifikishaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Biti mbovu zipo na zimejaa, ila mara nyingi biti inalika kwa sababu hailingani na kichwa cha skrubu, na hapo hata ukinunua ya bei mbaya utaiua tu. Bisibisi ya nyota siyo aina moja. Ile tuliyoizoea ni PH, yaani Phillips, ukikaza sana inapanda juu na kuchana msalaba. Kuna PZ, yaani Pozidriv, kichwa cha skrubu yake kina vimistari vyembamba katikati ya ule msalaba, ukiingiza PH humo inacheza. Halafu kuna JIS, ya kipimo cha Kijapani, ambayo skrubu yake mara nyingi (siyo zote) ina kinukta kidogo pembeni ya msalaba. Kabureta nyingi za bodaboda ni za asili ya Mikuni au Keihin, kampuni za Japani, kwahiyo futa mafuta hapo chini, mulika na tochi ya simu utafute hicho kinukta. Ukikiona tafuta biti ya JIS, Vessel wa Japani wanatengeneza, maana PH humo haizami mpaka chini inakaa juu juu.

Kuhusu chuma, tafuta iliyoandikwa S2, hiyo ni aina ya chuma kigumu cha vifaa. Ila maandishi yanagongwa na yeyote, kwahiyo hapo hapo dukani shika biti uitazame ncha: mabawa manne yawe sawa, kingo kali, rangi isiwe imejaa kwenye pembe. Kama una tupa ya kunolea ipitishe kidogo, ikiteleza chuma kigumu, ikila kirahisi rudisha. Mimi naona bora biti tatu za uhakika kuliko boksi la vipande mia ambavyo vingi hutavigusa. Ukikosa Mtwara mjini agiza Kariakoo, mzigo wenyewe mdogo unakuja na basi.

Sasa kufika. Biti fupi ya milimita 25 ichomeke kwenye spana ya pete ya robo inchi, maana shingo ya biti ni milimita 6.35 ambayo ndiyo robo inchi yenyewe, spana ya 6 haiingii na ya 7 inacheza. Dole gumba likandamize mgongo wa biti kwa nguvu, mkono mwingine uzungushe spana taratibu, hapo unahitaji nafasi kidogo sana. Ukiwa na hela kidogo nunua raketi ndogo ya biti, ule mpini wa kwenda na kurudi bila kuchomoa, inafanya kazi hiyo hiyo. Ile shafti ya kupinda inafaa kurudishia skrubu, kufungulia iliyogoma haifai, inajinyonga yenyewe na nguvu haifiki. Na kama skrubu imekataa kabisa usipigane nayo humo ndani, funga mafuta, legeza klampu, zungusha kabureta ikuelekee. Dakika chache hizo zinaokoa kichwa cha skrubu.

SWALI: Fundi habari, nipo Lindi. Nina biti ndefu yenye sumaku, naitumia kwenye injini ya boti, lakini skrubu inadondoka kila nikiipeleka ndani. Sumaku imekufa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Sumaku haijafa. Skrubu nyingi za injini za boti ni za chuma kisichoshika kutu, na aina nyingi za chuma hicho hazishikwi na sumaku. Paka grisi nzito kidogo kwenye ncha, skrubu itanata. Na ukirudishia paka grisi kwenye nyuzi pia, maana chuma hicho kikikaa ndani ya aluminiamu na maji ya chumvi yapo, aluminiamu inatoa ule unga mweupe na skrubu inagandia humo, msimu ujao utafungua kwa nyundo. Biti zako ukitoka baharini zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushe, zipake mafuta, S2 inashika kutu kama chuma kingine.