Biti za akiba katika jedwali la kurasa: usiichukue ya 62

Ndugu yangu wa Wete, waalaykumu ssalaam. Umeuliza kama kerneli (kiini cha mfumo endeshi) unayoiandikia prosesa za x86-64 inaweza kutumia biti ya 62 ya kila ingizo la jedwali la kurasa, yaani jedwali linaloionyesha prosesa kila ukurasa wa kumbukumbu uko wapi, kutia alama kurasa zinazonakiliwa pale tu zinapoandikwa. Nakuomba uiache, kwa sababu biti za 59 hadi 62 hubeba funguo za ulinzi wa kumbukumbu pindi ulinzi huo ukiwashwa, na hapo prosesa itaisoma alama yako kwa maana nyengine kabisa. Ya 9 na ya 10 ni za akiba: huachiwa programu, kama kerneli yako.

Hata hivyo, kabla hujaigawa hata moja, tazama kama habari hiyo haipo kwengine: ukurasa uliozuiwa kuandikwa, ilhali rekodi ya kerneli inasema eneo lake ni la binafsi na linaruhusiwa kuandikwa, umeshajulikana kuwa ni wa kunakiliwa unapoandikwa, na Linux hufuata njia hiyo hiyo. Ukurasa usiokuwamo kwenye kumbukumbu nao hauhitaji biti ya akiba, kwani biti ya 0 ikiwa sifuri, 63 zilizobaki ni zako. Nalisisitiza hili kwa kuwa umesema utaihamishia kerneli yako kwenye RISC-V, aina nyengine ya prosesa, ambako kwa kawaida programu imewekewa biti mbili tu, ya 8 na ya 9.