Jibu kwa mdogo wa Ruashi: kabla ya kusikiliza motere, lala chini uangalie shasi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema una dola 18,000, unataka gari la kubeba samaki na mahindi kati ya Kilwa, ile ya Ziwa Mweru, na Lubumbashi, na komisionere (dalali wa magari) amekuonyesha magari matatu: Land Cruiser pikapu ya 2010 yenye motere (injini) ya 1HZ, Prado ya 2011 kutoka Japani ambayo volani (usukani) yake imehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, na Hilux ya kabini mbili. Unauliza ipi ina motere ya kudumu. Yaya (kaka mkubwa) mmoja hapo juu amekujibu kwa sentensi moja: "Chukua 1HZ, fumba macho." Kuhusu 1HZ nakubaliana naye. Kufumba macho, hapana. Mimi nilifumba, na nitakueleza ilivyonigharimu.

Mwaka 2014 nilinunua Land Cruiser 79 ya kabini moja kwa dola 16,500. Zilikuwa pesa za miaka sita ya kuuza samaki, pamoja na dola 4,000 za shemeji yangu. Muuzaji alisema gari lilikuwa la shamba upande wa Kipushi. Nilisikiliza motere, ikawaka mara moja, haikutoa moshi, nikalipa siku ileile. Miezi minne baadaye nilikuwa narudi kutoka Kilwa na mzigo, nikasimama Kasenga kula. Nimekaa kwenye benchi, naliangalia gari kwa ubavu, nikaona nafasi kati ya kabini na sanduku la nyuma haiko sawa. Nikaenda kupima kwa mkono. Juu vilipita vidole vitatu. Chini kilipita kimoja, tena kwa shida.

Nilipakua nusu ya mzigo, nikaiacha kwa mwenyeji, nikarudi Lubumbashi polepole, kilomita kama 200 za kuomba Mungu. Fundi wangu wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliliweka juu ya shimo la garaji. Hakufungua hata kapo (boneti). Alichukua bisibisi, akakwangua ile rangi nyeusi ya lami iliyopakwa chini, pale mkono wa resori (springi) ya nyuma unapokamata shasi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, kisha akasukuma. Bisibisi iliingia mpaka nusu. Alipoitoa ilishuka na unga wa kutu na vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na katikati yake ukoko wa rangi ya kijani na buluu. Akauweka kwenye kiganja changu, akasema, "Hii motoka imefanya kazi kwenye shaba." Tukainua zulia la kabini. Kwenye sakafu kulikuwa na matundu ya bolti, manne kila upande, yamezibwa kwa mastiki. Pale palikuwa pamefungwa vile vyuma vya kulinda watu gari likipinduka, ambavyo migodi mingi hulazimisha. Shamba la Kipushi halikuwahi kuwepo.

Wengi hapa kwetu hawafikirii asidi. Viwanda vingi vya Katanga hutoa shaba na kobalti kwa kulowesha madini katika asidi ya salfa ndani ya matangi, halafu shaba inavutwa kwa umeme. Gari linalozunguka kila siku karibu na matangi hayo hurukiwa na tope lenye asidi. Shasi ya Land Cruiser ni boksi lenye uwazi ndani. Tope likiingia na kuziba vitundu vya kutolea maji, linakaa humo na kula chuma kwa miaka, na kwa nje unaona rangi nzuri tu. Kiangazi chetu kirefu kinadanganya: watu wanasema Lubumbashi hakuna bahari, kwa hiyo hakuna kutu. Hata magari ya Japani, yale yaliyotoka kaskazini kwenye theluji, hufika na kutu kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani. Na usidhani ni shida ya maskini. Mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani kumaliza kesi kubwa ya kutu ya shasi kwa pikapu za Tacoma na Tundra pamoja na Sequoia. Kwa hiyo ukiletewa Tundra kutoka Marekani, mambo ni yaleyale: chini kwanza.

Utaniuliza, kwa nini sikubadilisha shasi? Nilitaka. Nilipata moja ya gari lililopata ajali, imenyooka kabisa. Lakini namba ya shasi inagongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, na ndiyo namba iliyo kwenye karte roze, kadi ya usajili wa gari. Ukibadilisha shasi, kwa karatasi umebadilisha gari. Kila kizuizi utaeleza upya, na mnunuzi wa kesho ataona namba mbili. Kukata namba ya zamani na kuichomelea kwenye shasi nyingine kuna watu wanafanya, na kuna watu wamelala ndani kwa ajili hiyo. Motere inafunguliwa, inatengenezwa, hata inabadilishwa nzima. Shasi na karatasi ni kitu kimoja, na hicho ndicho unachonunua. Mimi niliishia kuuza gari vipandevipande. Motere peke yake ilinirudishia dola 4,500.

Sasa tazama hayo magari yako matatu.

Land Cruiser ya 2010. Muulize komisionere ilikotoka, halafu usiridhike na jibu lake. Tafuta matundu ya bolti sakafuni, alama ya taa ya kuzunguka juu ya kabini, gundi ya mikanda ya kung'aa milangoni, tundu la fimbo ya bendera kwenye bampa ya mbele. Gari la mgodi si lazima liwe baya, nataka hilo lieleweke. Migodi mikubwa inahudumia magari kwa ratiba ambayo sisi wenye kununua kwa jasho hatuwezi kuifuata, na ukipata daftari la matengenezo umepata nusu ya ukweli. Ninalolipenda ni lililofanya kazi ya utafiti porini au ya kubeba wakubwa. Lililofanya kazi kiwandani siligusi. Kilomita pia usiziamini sana: gari la mgodi linaweza kusimama motere inawaka saa nyingi kwa ajili ya kiyoyozi, na kilomita haziongezeki hata moja. Angalia mpira wa pedali, angalia kiti cha dereva. Vikiwa vimekwisha na dashibodi inasema 90,000, jibu unalo.

Jambo moja zuri kwako: soma kile kibati cha kiwanda ndani ya nafasi ya motere. Utaona namba ya aina ya gari, HZJ79, na mara tu baada ya 79 kuna herufi. L maana yake ilizaliwa na volani kushoto. R maana yake ilizaliwa na volani kulia, na kama leo iko kushoto, mtu ameihamisha.

Motere yenyewe nenda kuiangalia saa kumi na mbili asubuhi, bila kumwambia muuzaji saa halisi. Gusa kapo kwanza. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili ikuwakie vizuri. Sema utarudi kesho. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ya alfajiri ni kipimo kizuri kuliko mashine yoyote. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia mafuta ya motere, kilaze juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo ni kawaida. Kikirukaruka na moshi unasukuma kutoka ndani, pistoni na silinda zimechoka. Radieta ifunguliwe ikiwa baridi, uone kama kuna mafuta yanaelea. Uliza kurwa ya distribisyo (mkanda unaoendesha vali) ilibadilishwa lini, maana 1HZ ina mkanda, haina mnyororo, na ukikatika njiani vali zinagonga pistoni. Hakuna tarehe? Hesabu kuwa haujabadilishwa, uubadilishe kabla ya safari ya kwanza. Na kama mtu ameifungia turbo, achana nayo. 1HZ ilitengenezwa bila turbo, lita 4.2, inavuta taratibu. Ukiilazimisha kwa turbo, kilasi, yaani kichwa cha motere, ndiyo inapasuka kwanza.

Kisha ingia chini na tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Gonga shasi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya karatasi nzito. Kaa zaidi nyuma ya kabini, pale pikapu zinapokunjika kwa mzigo, na kwenye mikono ya resori. Lami mpya nyeusi chini ya gari la miaka kumi na zaidi, mimi naihesabu kuwa ni kosa mpaka muuzaji akubali niikwangue. Akikataa bisibisi, amekujibu.

Prado. Ni gari zuri, mke wangu anatumia moja hapa mjini. Lakini kwa barabara ya Kilwa, hapana. Kama ni ya mazutu (dizeli), ina pompa ya presha kubwa na injekta za umeme, na mazutu ya mapipa tunayonunua njiani yana maji na mchanga. Injekta zikiharibika utalia kwa fundi wa mjini, si kwa fundi wa kijijini. Na hiyo volani iliyohamishwa inanisumbua zaidi. Kuhamisha vizuri kunataka vyuma vya volani vya upande wa kushoto, dashibodi nzima, pedali, pompa ya breki na nyaya ndefu zisizounganishwa kwa mkono. Kuhamisha vibaya kunataka fimbo moja iliyochomelewa kuvuka kutoka upande huu kwenda ule, nayo ndiyo inakushikia breki. Fungua chini ya dashibodi uone mwenyewe. Usiku washa taa zake zikielekea ukutani: taa za nchi ya kuendesha kushoto, kama Zambia na Japani, zimekatwa ili mwanga uinuke upande wa kushoto. Kwetu huo ni upande wa anayekuja. Kama hata taa hawakubadilisha, fikiria mengine waliyoyaacha.

Hilux sitaisema sana. Inakula mazutu kidogo, pyese (vipuri) zipo kila kona. Ila kwa mizigo uliyoitaja utaizidisha, najua, kila mtu anaizidisha, na shasi yake ni nyembamba kuliko ya Land Cruiser.

Lakini Hilux yako inanileta kwenye karatasi. Gari langu la pili lilikuwa Hilux, 2017, na safari hii chini nilikagua mpaka mgongo ukauma. Safi kabisa. Miezi miwili baadaye nikasimamishwa, karatasi zikachunguzwa, ikaonekana gari liliingia nchini kwa ushuru mdogo wa migodi na ushuru uliobaki haujawahi kulipwa. Sheria ya madini ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2018, inawapa wawekezaji nafuu ya forodha kwa vifaa vya kazi. Gari lililoingia hivyo likiuzwa kwa mtu wa kawaida, kile kilichosamehewa kinadaiwa. Aliyeniuzia alikuwa wa tatu kulinunua, alijua, akanyamaza. Gari lilikaa uani wiki tano, nililipa mimi. Magari ya mashirika ya misaada yana mtego uleule.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola mia ya kushika gari, omba nakala ya risiti ya forodha, uende nayo DGDA (ofisi ya forodha) ukaulize kama ni ya gari hilo na kama imekamilika. Namba ya shasi kwenye chuma, kwenye kibati na kwenye karte roze isomwe na macho yako, tarakimu kwa tarakimu. Ipapase kwa kidole: kama uso wa chuma umesuguliwa au kuna mstari wa kuchomelea kuizunguka, ondoka. Magari yaliyoibwa nchi za kusini yanapita mipakani, na Interpol wana orodha ya namba zake. Mwisho, hati ya mauzo iandikwe na mwenye jina lililo kwenye karte roze. Komisionere si mwenye gari, hata akiwa na funguo na tabasamu.

Pesa: usitoe zote 18,000. Tafuta gari la 15,000, ubaki na 3,000. Mkanda, filta zote, mafuta ya motere, ya boksi la gia na ya poni (difu) mbili, matairi, beringi za mbele, resori moja ya ziada: pesa hizo zitakwisha kabla ya safari ya tatu, na hapo ndipo gari litakuwa lako kweli.

Kwa maoni yangu nenda na Land Cruiser, kama itapita chini na kama itapita DGDA. Ikishindwa moja kati ya hayo mawili, iache hata ikipunguzwa bei mpaka 10,000. Jumamosi niko garajini kuanzia saa moja, shimo lipo. Mwambie komisionere alete gari likiwa halijaoshwa chini, na wewe njoo na tochi yenye betri mpya, yangu inafifia.