Vua mkanda kwanza, ndipo upime kiwanja

Siku ya kwanza kukabidhiwa magnetometa, kifaa kinachopima usumaku wa ardhi, nilipoteza asubuhi nzima. Kila nilikopita, vipimo viliruka kama panzi, nami nikaamini nimekanyaga mji uliozikwa. Kumbe kifaa kilikuwa kinapima bizimu ya mkanda wangu.

Kwa hiyo ndugu wa huku pwani akiniuliza apime vipi kiwanja, ajue kama kuna mabaki ya kale chini yake kabla ya kuchimba msingi, naanzia kwenye chuma. Okota misumari na bati chakavu, na upime kabla hujazungusha seng'enge. Ukingoja uzio ukamilike, utapima uzio.

Kisha jiulize unatafuta nini, maana hapa wengi hukosea. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna usumaku wa maana. Huo utafute kwa rada ya ardhini, inayotuma mawimbi chini ya udongo, au kwa kipimo cha ukinzani wa umeme, kile cha vijiti vinavyochomekwa ardhini. (Hicho kitumie mvua zikishapita. Kiangazi kikikaza, ardhi kavu haipitishi umeme vizuri.) Nyumba ya miti na udongo ni habari nyingine: ikiungua, udongo wake hushika usumaku, na magnetometa huuona. Songo Mnara, kule Kilwa, wageni huenda kutazama magofu ya mawe, lakini upimaji ulionyesha alama kwenye sehemu zilizoonekana tupu kati yake, na uchimbaji ukafichua mabaki ya nyumba za udongo. Hakuna aliyeziona kwa macho.

Rada usiipeleke karibu na mikoko. Maji ya chumvi huyameza mawimbi yake. Mimi niliipeleka, siku mbili nzima, nikamletea mwenye shamba picha isiyo na kitu. Nilimrudishia nusu ya pesa, na hadi leo ananisalimia shingo upande.

Ramani ya vipimo ikitoka safi, usishangilie mapema. Huenda umetumia kifaa kisichofaa. Ikitoka na madoa, usishike jembe. Doa laweza kuwa tanuri la kale au jalala la juzi, na kwa Tanzania kuchimba mabaki ya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Piga simu Idara ya Mambo ya Kale wakati nyumba bado iko kwenye karatasi, ambako kuisogeza hakugharimu zaidi ya ufutio. Mteja wangu mmoja alisogeza shimo la choo mita nne. Doa lake bado liko chini ya mwembe, na watoto huchezea juu yake.