Je, HPV huwaangamiza ndugu wote wa p53?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba virusi vya HPV huleta saratani ya mlango wa kizazi kwa kuiondoa p53, protini inayoilinda seli. Je, ndugu zake, kama p73, nao huangamizwa vivyo hivyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Protini ya virusi iitwayo E6, hasa ya aina ya 16 na ya 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, haiivunji p53 yenyewe, bali hukiazima kimeng'enya cha seli, E6AP, ambacho huitia p53 alama ya kupelekwa kusagwa. p73, ingawa inafanana sana na p53 katika sehemu inayoshika DNA, haisagwi kwa njia hiyo.

Protini mwenzake, E7, haichagui hivyo: huinasa pRb, protini inayoizuia seli isigawanyike ovyo, pamoja na ndugu zake p107 na p130, kwa kipande kifupi cha asidi amino ambacho, ajabu, kimo pia katika protini E1A ya adenovirusi, virusi vya ukoo mwingine kabisa. pRb ikinaswa, protini za E2F, zinazowasha jeni za kunakili DNA, ambazo pRb ilikuwa imezishikilia, huachiwa, na seli huanza kunakili DNA yake kabla ya wakati.